Kitako cha Mbao za Gundi

Mtu akinipa kitu bure, kwanza nakigeuza niangalie chini yake. Ndivyo nilivyo, na mama yangu alichoka kunisema. Kwa hiyo siku yule injinia wa kigeni, aliyekuja Msimbati na watu wa visima vya gesi, aliponiletea kifurushi kirefu na kusema ni zawadi, sikumshukuru. Nilimuuliza anataka nini.

Hakutaka kitu. Huko kwao alikuwa mwindaji, na miezi kadhaa nyuma alipita kijijini kwetu akaiona bunduki ya marehemu baba. Ilikuwa bunduki ya risasi, si gobore wala ya marisau. Baba aliinunua kihalali enzi zile, akafariki mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi nikairithi baada ya kusugua mabenchi ya polisi Mtwara mpaka suruali ikang'aa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwapiga nguruwe pori walioingia kwenye mihogo ya watu. Kitako chake, nasema ule mti wote, kuanzia panapokaa bega mpaka chini ya mtutu, kilikuwa kimepasuka shingoni. Baba alikifunga kwa waya wa shaba na mpira wa tyubu ya baiskeli. Injinia aliutazama ule ufa, akasoma maandishi ya kwenye chuma, akapiga picha. Ile picha ilinikosesha raha wiki nzima, maana nilijua ni polisi watakaokuja kuniuliza habari zake.

Kumbe alikuwa anatafuta kitako kinacholingana. Alikileta aliporudi kutoka likizo, nami nilipokifungua sikukipenda. Hakikuwa mti. Kilikuwa vipande vyembamba vya mbao vilivyobandikwa kwa gundi, tabaka la kijivu juu ya tabaka jeusi, kama keki za harusi za mjini. Injinia alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba mbao za namna hiyo hazivimbi kwa unyevu wala hazipindi. Nilimwitikia huku nikikigonga kwa kucha kusikia kama kina uwazi ndani.

Useremala kidogo nilikuwa nao, ila patasi nzuri sikuwa nazo. Nikaenda kuziazima kwa jirani, mchonga vinyago vya mpingo, mtu ambaye damu zetu hazikupatana tangu tulipogombea mpaka wa mikorosho. Patasi alinipa. Lakini alikuja nazo mwenyewe, akakaa barazani kwangu kuzilinda. Akakishika kile kitako, akakinusa, akakirudisha.

"Huu si mti, jirani. Huu ni uji wa mti."

Nilifungua skrubu mbili za chini, nikatoa chuma chote na mtutu wake, nikakiweka kwenye kitako kipya. Hakikukaa. Basi nikapaka chuma masizi ya kibatari kwa chini, nikakilaza mahali pake, nikakiinua. Pale ubao ulipotoka na weusi ndipo ulipokuwa unabana, na pale nikachuna kidogo kwa patasi. Nikapaka tena, nikalaza tena, nikachuna tena. Jirani alikuwa ananitazama mikono, nami namtazama yake. Kuna mara moja aliuinua mtutu akautazama ndani kwa jicho moja, na sikulipenda lile jicho.

Mama alikuwa kwenye mkeka akimenya mihogo. Nilipofunga skrubu na kuonyesha kazi, aliinua kichwa.

"Na hilo pengo hapo mbele? Mtutu haukai kwenye kitu?"

"Ndivyo unavyotakiwa, mama. Usiguse ubao popote. Injinia kasema karatasi ipite chini yake mpaka mwisho."

Nikachana karatasi ya daftari nikaipitisha. Ikapita bila kukwama.

"Baba yako aliukalisha," mama akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Nilijaribu pale pale. Nikaweka kifuu cha nazi kwenye kisiki, nikapiga, kikasambaratika. Nikaweka kingine, nacho kikaondoka. Jirani aliguna, akakusanya patasi zake akaenda. Bunduki nikaiweka chumbani kwa mama, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye kitasa cha maana, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Kitako cha zamani nikakitupia jikoni kwenye kuni. Nilijiona fundi.

Kilichofuata kilininyong'onyeza. Alfajiri moja nguruwe dume alisimama ubavu mzima kwenye mihogo ya jirani, karibu kabisa, na nikamkosa. Risasi ilipita juu ya mgongo wake ikaangusha papai bichi la jirani huyo huyo. Nikasema ni usingizi. Siku nyingine nikakosa tena, juu vilevile, na safari hii watu waliona. Risasi zilikuwa chache na sikutaka kuzimalizia kwenye vifuu. Tena moyoni nilishajua ni nini. Bunduki iliyopiga vizuri barazani imeharibika ikiwa imefungiwa chumbani, na aliyeutazama mtutu wangu kwa jicho moja ni mmoja tu. Nilimchukia yule mtu waziwazi. Nilimchukia hata akikohoa.

Naye alikuwa na yake. Nguruwe walilimaliza shamba lake wakaliruka letu. Mimi nilijua sababu: mama alipanda mihogo michungu, ile ya kuloweka na kuanika, na nguruwe hawaipendi wakiona mitamu kando. Lakini nani wa kusikiliza habari za mbegu? Ikaanza kusemwa kisimani kwamba nguruwe wale si wa porini, wana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejifanya kuwakosa. Hilo ningelivumilia. Halafu maneno yakasogea. Wakaanza kusema kijana hajui kitu, mwenye nguruwe ni yule bibi. Mjane, peke yake chumbani, na ufunguo kwenye kanga.

Hapo niliogopa sana. Kwetu mwanamke mzee akishasemwa hivyo hahitaji kushtakiwa popote. Watu wanaacha kumsalimia, wanakataa chakula chake, na siku moja nyumba inaungua na hakuna aliyeona. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao Jumamosi, pale shuleni, nieleze kwa nini bunduki haiui. Nisipoeleza, atawaandikia polisi waichukue. Nilijua ikichukuliwa itakuwa kama tumekiri.

Asubuhi ya kikao niliikalisha bunduki mapajani, sina hili wala lile, nikachana karatasi ya daftari nikaipitisha chini ya mtutu. Nilianzia nyuma nikija mbele. Ikaja vizuri, ikaja, halafu ikagoma.

Nilifungua skrubu. Chini ya mtutu, karibu na ncha ya ubao, kulikuwa na kitu kimesokomezwa kwa nguvu, kimefungwa kwa kitambaa na kushonwa kwa uzi mweusi. Ndicho kilichokuwa kinausukuma mtutu juu. Nilikitoa kwa ncha ya kisu, sikutaka kukigusa. Jina la jirani lilikuwa tayari mdomoni. Nilisimama kabisa nikamfuate.

Kitambaa kikanisimamisha. Kilikuwa na mistari ya kijani na zambarau, na mistari ile naijua. Ni msuli wa baba wa kulalia, ambao mama aliuhifadhi ndani ya sanduku na hakumgusisha mtu. Nikachana uzi. Ndani hakukuwa na mzizi wala unga wala maandishi. Kulikuwa na kipande cha mti mwembamba, cheusi kwa jasho, chenye alama ya waya wa shaba.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwonyesha, naye hakujifanya hajui.

"Ulikitupa kwenye kuni," alisema. "Miaka yote baba yako aliweka shavu lake pale. Nilikuta kimebaki hicho tu, kingine nilishapikia uji, mvua ilikuwa imelowesha kuni. Nikaona lile pengo. Nikasema nikikiweka pale atakuwa na wewe huko porini, na mtutu utapata pa kukaa."

"Mama, ndicho kinachonikosesha."

Alikaa chini. Sijawahi kumwona mama akikaa vile, kwenye majivu, kanga yake safi ya kikao imeshavaliwa.

"Basi kawaambie ni mimi," akasema.

Nilikwenda shuleni na bunduki begani na kile kipande mfukoni. Ukweli nilikuwa nao, na ukweli ule ungenisafisha mimi pale pale: si uchawi, ni kipande cha mti kinausukuma mtutu. Lakini nilizitazama nyuso zilizojaa madawati. Ningesema mama amekishona kwa kitambaa cha marehemu akakificha ndani ya bunduki, nani angesubiri nimalizie? Mwenyekiti akaniuliza, kuna nini kwenye bunduki yako. Nikasema ni hizi mbao za gundi. Zimevimba kwa unyevu, zikausukuma mtutu, nimezichuna leo asubuhi.

Jirani akasimama. Mtu aliyekaa na mti maisha yake yote.

"Zimevimba wapi? Nionyeshe."

Nilimpa bunduki. Aliizungusha, akapitisha kidole chini ya mtutu taratibu, akafika ncha ya ubao, akapunguza mwendo. Pale palikuwa pamebaki uzi mmoja mweusi, umenasa kwenye tabaka la kijivu. Mimi sikuuona asubuhi. Niliuona kwenye kidole chake. Aliutazama, akanitazama mimi, kisha akatazama nje, upande wa nyumba yetu.

"Maneno mengi ya nini," akasema. "Apige tuone."

Wakaweka kifuu kwenye nguzo ya goli. Sikuwa nimejaribu tangu nikitoe kile kitu, na sikumbuki kama nililenga au niliomba tu. Kifuu kikaondoka. Watu wakapiga kelele, mwenyekiti akasema kikao kimekwisha, na wiki ile ile niliangusha dume kwenye mihogo ya jirani, wakaja Wakristo wa mjini na pikapu kuchukua nyama.

Kuhusu uzi ule, jirani hakuniuliza kamwe, nami sikuwahi kumshukuru. Kwa miaka tulisalimiana kwa mbali, kila mmoja akijua mwenzake anajua kitu. Alikaa kimya kwa wema, au alikuwa anauweka kwa ajili ya siku tutakayogombana tena? Alifariki sijajua, na kusema kweli mpaka leo naliwaza. Mbao za gundi ndizo zilizobeba lawama. Kule kijijini bado wapo wasionunua mlango wa plaiwudi.

Lakini nataka kusema habari ya jioni ya Jumamosi ile. Nilirudi nikamkuta mama amekaa barazani na kifurushi cha nguo zake kimefungwa, tayari kwenda kwa ndugu zake ng'ambo ya Ruvuma, kabla hajafuatwa. Nikamwambia afungue. Nikachukua bisibisi, nikafungua raba ya nyuma ya kitako, ile inayokaa begani. Ndani yake kuna tundu la kupunguza uzito, halikutani na mtutu wala chochote. Nikampa kile kipande na sindano. Alikishona upya katika msuli ule, polepole, macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kisha akakiweka mwenyewe tunduni. Nikafunga skrubu.

Akapapasa ile raba kwa kiganja.

"Hapa ndipo baba yako alipoweka bega," akasema.

Nikaiinua bunduki begani mwangu, sikulenga kitu, tukakaa hivyo mpaka mkono ukaniuma.