Treni Zilizoundwa Kwingine

Siku tuliyoambiwa kwamba kiwanda kitafungwa, tulipewa keki. Ilikuwa ile keki ya kijani ya Kiswidi, yenye krimu ndani na ganda la lozi juu, nayo ilikuwa imeshakatwa vipande kabla meneja hajafungua mdomo. Mwenzangu Mkongo alikuwa amesimama kando yangu, sahani mkononi.

"Dada, hawa watu hawatupi keki bure," akaninong'oneza.

Nikamwambia labda kuna mtu anastaafu.

"Ndiyo," akasema. "Sisi wote."

Meneja alieleza kwamba jiji lilikuwa linanunua treni mpya za chini ya ardhi, kwamba kiwanda chetu kiliomba zabuni ile, na kwamba imekwenda kwa kampuni ya nje iliyotaja bei ya chini. Mabehewa yaliyokuwa mkononi tutayamaliza, kisha basi. Alisema treni zetu zilikuwa nzuri. Alilirudia hilo mara kadhaa, kama watu wanavyomsifu marehemu. Alipouliza kama kuna maswali, mchomeleaji mmoja alitaka kujua kama keki imebaki. Ilikuwa imebaki.

Nilikuja Sweden kutoka Tanga kwa mafunzo ya umeme. Nikaolewa, nikaachika, nikabaki. Kazi yangu kiwandani ilikuwa kulaza nyaya chini ya sakafu za mabehewa, na ya yule Mkongo ilikuwa kufunga sakafu yenyewe juu yake, kwa hiyo kila nilichofanya mimi, yeye alikifunika. Tulizungumza Kiswahili kutwa. Kiswahili chake cha Bukavu hakikujisumbua sana na ngeli. Changu kilijisumbua nazo kupita kiasi. Waswidi walidhani tunagombana, na siku nyingine walikuwa hawajakosea.

Kwa sheria ya huku, aliyeajiriwa mwisho ndiye anayetoka kwanza. Yeye aliajiriwa baada yangu, kwa hiyo aliondoka na kundi la kwanza, majani ya miti yalipoanza kupukutika. Mimi nilibaki hadi behewa la mwisho. Nilitarajia watu wafanye kazi ovyo, maana hakukuwa tena na sababu ya kujituma, lakini waliifanya polepole na vizuri zaidi kuliko nilivyowahi kuwaona. Mzee mmoja Mswidi alikung'uta vumbi mahali ambapo hakuna abiria atakayepaona mpaka treni ichakae. Nilipomuuliza kwa nini, akasema hana kitu kingine cha kufanya leo.

Mkongo alipelekwa na ofisi ya ajira kwenye kozi ya kujifunza kutabasamu wakati wa usaili. Alirudi akasema amefaulu. Kisha akasomea uuguzi wa wazee, akapata kazi katika nyumba ya wazee karibu na kwake Akalla, na kwa mshangao wake mwenyewe akaipenda. Alinipigia simu kuniambia.

"Dada, hii kazi hakuna mtu ataihamisha. Wazee hawatengenezwi nje."

Treni mpya zilipoanza kupita, zilipita kwenye laini nyekundu, yangu mimi ninayekaa Bredäng. Mkongo alitangaza kwamba hatazipanda. Alisema hawezi kukaa ndani ya kitu kilichomtoa kazini. Kule Akalla laini ni ya bluu na treni zilikuwa bado za zamani, kwa hiyo kiapo kile hakikumgharimu chochote, isipokuwa siku za kuja kwangu. Hapo alisimama kwenye stesheni ya katikati ya mji akiziacha treni mpya zipite, moja baada ya nyingine, mpaka ije ya zamani. Pilau langu lilipoa zaidi ya mara moja. Sikumsema. Kila mtu na namna yake ya kukaa matanga.

Kisha mimi nikapigiwa simu. Kampuni iliyoshinda zabuni ilihitaji mafundi wa umeme kwenye karakana yake hapa mjini, kuzikagua treni zinapowasili na kuzihudumia baadaye. Nilimwambia binti yangu nikiwa napika. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari.

"Ni kazi, mama," akasema kwa Kiswidi, maana ndicho anachonijibia kila kitu. "Au ulitaka kukaa nyumbani?"

Sikutaka kukaa nyumbani. Siku ya kwanza nililala chali chini ya behewa jipya, nikafungua kifuniko, nikamulika tochi. Sitaficha kwamba nilikuwa nimeomba zile nyaya ziwe zimepangwa vibaya. Zilikuwa zimepangwa vizuri. Mtu fulani, katika nchi nisiyoijua, alikuwa amezilaza na kuzifunga kwa uangalifu, na pengine naye muda huo alikuwa amesimama na sahani akisubiri kusikia zabuni ijayo imekwenda wapi. Nikarudishia kifuniko. Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jioni nilimpigia Mkongo nikamwambia ninafanya kazi wapi.

"Félicitations," akasema, yaani hongera. Kifaransa alikitumia pale ambapo hakutaka kuendelea na mazungumzo. Hakunipigia tena majira yote ya baridi, na mimi sikumpigia, kwa sababu sikujua ningesema nini.

Binti yangu alimaliza shule mwezi wa sita. Huku mhitimu huvaa kofia nyeupe, huzungushwa mjini juu ya lori pamoja na wenzake wakipiga kelele, kisha hurudi nyumbani kula. Nilimtumia Mkongo ujumbe wa mwaliko bila kutarajia jibu. Alikuja. Alifika kabla ya wageni wengine wote, amevaa suti, ameshika maua.

"Umewahi," nikamwambia.

"Nimepanda ya kwanza iliyokuja."

Nikayaweka maua kwenye maji. Alikaa, akaitazama meza.

"Viti ni vigumu," akasema.

"Viti si vyangu, kaka. Mimi ni nyaya."

"Taa zilikuwa zinawaka." Akafikiri. "Zinawaka vizuri."

Nikampakulia pilau likiwa la moto. Alipokuwa akila akanieleza. Manispaa ilikuwa imeitangaza ile nyumba ya wazee kwa zabuni, na kampuni nyingine imeshinda, yenye wamiliki walioko nje ya nchi. Wazee ni walewale, vitanda ni vilevile. Baadhi ya wenzake waliondolewa. Yeye alibakizwa, akapewa shati jipya lenye nembo nyingine.

"Mwenzangu mmoja aliyeondolewa, mama wa Kiburundi, amekataa hata kunisalimia," akasema. "Anasema nimevaa shati la washindi."

"Wewe ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini? Ni kweli. Nikafikiri, huyu ni mimi kabisa."

Hakusema zaidi ya hapo kuhusu ule ukimya wetu, nami sikumuuliza. Binti yangu alirudi kutoka kwenye lori, sauti imemkauka, kofia imekaa upande. Alimkumbatia Mkongo, akamwita anko.

"Sasa sikia," Mkongo akamwambia. "Usome kitu ambacho hakiwezi kutangazwa zabuni."

"Kama nini?" akauliza kwa Kiswidi.

Tukafikiri, mimi na yeye. Tulifikiri kwa bidii, kama watu wazima walioulizwa swali la haki. Mwishowe Mkongo akasema upadri.

"Padri wenu pale kanisani ametoka wapi?" nikamuuliza.

"Poland," akakiri.

Binti yangu akasema ameshaomba nafasi ya kusomea uhandisi, akachukua sahani na kuanza kujipakulia.