Chini ya Ponti, Mbele ya Mama Mkwe

Kabla ya kufungua bushoni ya chini, kile kizibo cha kutolea mafuta, fungua ya juu. Sheria hii sasa naijua vizuri sana. Asubuhi ninayoisimulia sikuijua, ingawa nilikuwa na miaka sita ya udereva na nilijihesabu fundi.

Ilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala. Nilikuwa na kamioneti kuukuu niliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kati ya magurudumu ya nyuma palikuwa na tumbo la chuma ambalo sisi madereva tuliliita ponti. Ndani yake kuna meno yanayopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu, na meno hayo huishi ndani ya mafuta mazito. Mafuta yakizeeka hunuka mayai viza. Yangu yalikuwa yamezeeka. Ponti ilikuwa inalia kwenye vilima vyote vya Fizi, na abiria wangu walikuwa wameanza kuiigiza.

Siku hiyo sikuwa na safari. Niliegesha gari uani, nikaweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu, nikatandika mkeka mbovu chini yake. Suruali ya kazi nilikuwa nayo moja tu, na mke wangu alikwisha kusema kwamba hataifua tena ikiwa na mafuta ya ponti. Basi nikaivua, nikaitundika kwenye kamba. Shati pia. Nikaingia chini ya gari na kalesoni, nguo ya ndani, peke yake. Nilikuwa kwangu, na ua ulikuwa na uzio.

Bushoni ya chini ilifunguka bila ubishi. Mafuta meusi yakatiririka kwenye sufuria iliyotoboka ukingoni, nami nikayatazama kwa furaha. Jirani alikuwa ameyaomba ayapake kwenye nguzo za nyumba yake ili mchwa wazikome. Yalipobaki matone, nikageukia bushoni ya juu, ile ya ubavuni, ambamo mafuta mapya huingia. Haikusogea. Nikakaza mkono, ufunguo wa spana ukateleza, vidole vikagonga chuma. Nikaitukana bushoni, mama yake na kiwanda kilichoizaa. Haikusogea.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoingia uani.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha majanini. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki, ni heshima, na nilikuwa nimeishika kwa miaka minne bila kuuona uso wa mama yule sawasawa. Kulala chali mbele yake na kalesoni hakukutajwa katika mafundisho niliyopewa. Nadhani wazee hawakufikiri kwamba mtu angefika huko.

Nilichoona ni miguu yake, ina vumbi na maji ya ziwa. Alikuwa ametoka Ubwari kwa mtumbwi tangu alfajiri.

"Bwana yako iko wapi?" alimwuliza mke wangu.

"Iko chini ya motokari, Mama."

"Atoke."

"Hawezi kutoka."

"Juu ya nini?"

Mke wangu alifikiri kidogo. "Hana manguo."

Ile miguu ikageuka taratibu, ikaelekea jikoni.

"Muambie, dada yangu iko nakufa kule Kilembwe," alisema akiwa ametupa kisogo. "Balinituma muntu jana. Mi nataka nifike macho yake ingali wazi. Muambie tuende."

Dada huyo ndiye aliyemlea mama mkwe wangu tangu akiwa mchanga. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba wiki hiyo hapakuwa na gari lingine la kwenda huko, na kwamba ponti isiyo na mafuta isingefika hata Fizi, seuze Kilembwe. Hata yale machafu nisingeweza kuyarudisha, kwa maana mlango wa kuingilia ni ule ule uliokuwa umegoma. Gari lilikuwa zima asubuhi. Nililiua mwenyewe, kwa bidii.

Nikampigia mke wangu kelele akaazime ufunguo mkubwa kwa mwenye boti aliyekuwa na injini, kule ufukoni. Akaondoka mbio. Hakukumbuka suruali, nami sikukumbuka kumwambia. Ilibaki kwenye kamba, hatua mbili kutoka alipokuwa mama yake.

Tukabaki wawili, bila mtu wa kati. Akaligeukia gurudumu la nyuma. Kisha akasema:

"We gurudumu. Uliza huyu muntu, mafuta ilitoka yote. Ile ya kuingia itapita wapi?"

Nikaliambia gurudumu kwamba itapita kwenye bushoni ya juu.

"Na bushoni inafunguka?"

Nikaliambia gurudumu kwamba haifunguki.

"Gurudumu, huyu muntu ni dereva tangu lini?"

Nikaushika tena ufunguo.

Mama mkwe wangu alikuwa anakamua mawese Ubwari, kwenye shinikizo lenye parafujo kubwa ya chuma. Parafujo hiyo hushika kutu kila masika, na hakuwahi kumwita fundi. Nikamsikia anaingia jikoni, anachochea moto. Aliporudi alikuwa na chuma cha jembe kilichokuwa chekundu nchani. Alikiweka chini, akakisukuma kwa kijiti hadi kwenye mkono wangu, uso akiwa ameuelekeza ziwani.

"Gurudumu, achome bushoni. Ikipata moto, akaze kwanza kidogo. Nyuma ndio alegeze."

Nikakishika kwa matambara, nikakikandamiza. Lakini bushoni ilihitaji joto lisilokatika, na ufunguo ulihitaji kushikwa, na kisha upigwe.

"Huyu muntu iko na mikono ngapi?"

"Mbili," nililiambia gurudumu.

"Na kazi inataka tatu."

Nikasikia anapumua kwa nguvu. Kisha magoti yake yakashuka mchangani, na kichwa chake kikaingia chini ya gari, na mchi wa kutwangia majani ya sombe nyuma yake. Ulikuwa uso wa mke wangu, ila wenye miaka zaidi na hasira zaidi. Alinitazama machoni tu, wala hakushuka chini ya hapo. Namshukuru mpaka leo.

"Shika muzuri," akaniambia. Mimi, si gurudumu.

Alipiga mara moja upande wa kukaza. Tukageuza ufunguo. Akapiga mara tatu upande wa kulegeza, na ya tatu bushoni ikatoa sauti ya nazi inayopasuka, ikalegea. Nikafunga ile ya chini.

Mke wangu aliporudi na ufunguo mkubwa, anahema, alimkuta mama yake amesimama akimimina kwenye faneli mafuta mapya niliyokuwa nimenunua, yaliyopashwa moto ili yawe mepesi, na mpira ukishuka kwangu, nami nikisema "Mama, polepole," naye akijibu "Polepole tutafika lini?" Mafuta yalipoanza kufurika kwenye tundu nikaingiza kidole kuyapima. Yalikuwa sawa na mdomo wa tundu, kama inavyotakiwa. Mke wangu aliuliza afanye nini sasa.

"Letea huyu mutoto suruali yake," alisema mama mkwe.

Safarini alirudi kwenye desturi. Alipanda nyuma, juu ya magunia, akaupa mgongo upande wangu. Fizi nilisimama, nikaweka kiganja kwenye ponti. Ilikuwa na joto ambalo mkono unavumilia. Haikulia hata kwenye mlima.

Tulifika Kilembwe jua likiwa limeshuka. Uani palikuwa na watu wengi na sauti chache, nikadhani tumechelewa. Mama mkwe aliruka chini bila kungoja mtu, akaingia. Mimi, mkwe, nilikaa nje kwenye ukuta. Kwanza nilisikia kilio. Kisha nikasikia sauti yake, ya chini, anasimulia kitu kirefu kwa Kibembe, na katikati ya Kibembe kile nikasikia neno kalesoni.

Halafu ikatoka sauti nyingine, nyembamba, iliyokauka, ikiuliza ilikuwa ya rangi gani.

"Nyeupe," alijibu mama mkwe. "Zamani."

Yule mgonjwa akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo chenye kikohozi, na nyumba nzima ikacheka naye. Masikio yaliniwaka. Nilitaka kuingia ndani ya gari na kuondoka, na nilitaka mama mkwe aendelee kusimulia. Akaendelea.

Mgonjwa alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake. Wanawake waliokuwa ndani waliniambia kwamba kabla hatujafika alikuwa amekaa siku mbili bila kusema neno. Nililia sana pale ukutani, kwa ajili ya mtu ambaye sikuwahi kumwona.