Kinundu kwenye Puli ya Mama Mwende

Wenzangu, hadi leo nacheka peke yangu. Mama Mwende husaga mahindi soko la Zombe. Puli ya mashine yake, lile gurudumu la mkanda, ilipasuka, wateja wakaanza kumhama, akaileta kwenye karakana yetu ya kusubu chuma, Kitui mjini. Mimi ndiye fundi wa skana. Niliipulizia poda nyeupe ising'ae, nikaipitishia mwanga wa leza, na kompyuta ikachora kila kitu, hata kinundu kimoja karibu na tundu la katikati. Tukasubu puli mpya kwa kufuata mchoro huo.

Alipokuja kuichukua, alikigusa kile kinundu. "Hiki ni cha nini?"

"Mwaitu, mama yangu, hicho ndicho kinachofanya izunguke bila kutikisika," nikamfundisha. "Waliotengeneza ile ya kwanza walikuwa na akili."

Ili aone vizuri, nikakwaruza poda kwenye kinundu cha puli kuukuu kwa bisibisi. Kikang'oka chote na kusagika mkononi mwangu. Kilikuwa unga wa mahindi uliogandamana.

Nilingoja anigombeze. Yeye akaijaribu puli mpya kwenye shafti aliyokuja nayo, ikaingia sawasawa, nami nikapumua.

"Basi nikatie huo unga wako wa chuma," akasema akicheka, "watu wananingoja."