Kidonda cha Mama na Washenga wa Mdogo Wangu

Mageti mengi ya mtaa wetu wa Kihonda, yale yenye maua ya chuma juu, yametoka mkononi mwangu. Shule niliiacha mapema, nikajifunza kuchomelea kwa kutazama, na leo nina karakana na nyumba ya vigae. Chumba kizuri kuliko vyote nilimpa mama nilipomshusha kutoka kijijini kwetu Kinole, mlimani, na kidonda cha sukari unyayoni.

Kidonda kile kilikataa kufunga. Daktari alitaka akisafishe, akate nyama iliyokufa, na mama asikanyage. Mama akagoma.

"Mkinikata nyama leo, kesho mtanikata mguu."

Pembeni daktari aliniambia mimi: asiposafishwa, mguu utakwenda kweli. Nikambembeleza, nikamfokea, nikamnunulia na redio. Wapi!

Ndipo akaja mdogo wangu, anayefundisha chuoni mambo ya chembe za mwili, zile seli. Mikono mitupu, hata chane ya ndizi hakubeba. Mama akajiinua kitandani, akaweka kitenge sawa. "Mwalimu wangu huyo!" Mimi hajawahi kuniita fundi wake.

Akakaa kwenye zulia langu. "Mama, walipokuja kukuposa, mshenga aliingia mpaka chumbani?"

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Aingie, ana wazimu? Aliishia barazani kwa wajomba zangu."

"Mjomba mmoja?"

"Mmoja hatoshi, baba. Mpaka wakae wawili, wasikilizane, ndiyo neno linaingia ndani."

"Basi na mwili ndivyo."

Akamweleza kwamba ukiumia, mwili hutuma washenga wadogo wasioonekana, waende kuziambia chembe za jirani zikue, zigawanyike, zizibe shimo. Mshenga haingii. Kwenye ngozi ya kila chembe kuna wapokezi, nusu nje, nusu ndani, na kila mshenga ana mpokezi wake. Wa nyumba nyingine hasikilizwi. Akishapokelewa, wapokezi wawili husogeleana, na kwa ule upande wa ndani wanaamshana. Hapo habari inapokezanwa mpaka katikati ya chembe, kazi inaanza.

"Mjomba kamwambia bibi, bibi kamwambia mama, sufuria likapanda jikoni," mama alisema.

"Ehee! Sasa kidonda chako kina washenga, ila uwanja umejaa uchafu, wanaliwa kabla hawajafika barazani. Daktari anataka afagie uwanja."

Mama akautazama mguu wake. "Kumbe ni kufagia. Mbona huyu kaka yako ananiambia kukata tu?"

Jamani! Kitanda changu, paa langu, chakula changu. Yeye kaleta hadithi ya posa, na mama kakubali kabla chai haijapoa. Nilitoka nje nikasaga chuma ambacho hakikuwa na haja ya kusagwa.

Nani alimbeba mpaka kwa daktari? Mimi. Nani alimtengenezea kiti cha magurudumu, chenye pa kunyooshea mguu, asikanyage? Ni mimi, kwa bomba nililokuwa nimelitenga kwa geti la tajiri mmoja. Kidonda kikasafishwa, kikaanza kuota nyama mpya nyekundu, kikasinyaa, kikafunga. Wageni wakija, mama anawaonyesha kovu akiwa amekaa kwenye kiti changu, anasema, "Mwalimu wangu ndiye aliyenifungua akili."

Juzi mama mdogo alishuka kutoka Kinole na kidonda kama kile, naye hataki kuguswa. Mdogo wangu alikuwa safarini. Nikaona zamu yangu imefika. Nikavaa shati safi, nikavuta stuli, nikamwanzia: mshenga, baraza, uwanja mchafu. Nilieleza vizuri kumshinda, nasema kweli, maana mimi nina sauti. Mama mdogo akaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Sasa mshenga akishapokelewa na mjomba," nikasema, "habari inaingia ndani..."

"Wajomba wawili," mama akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Mmoja hatoshi. Mwenzako alieleza vizuri."

Mama mdogo akamgeukia yeye. "Hebu nieleze wewe, dada."

Akaeleza yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mdogo wangu. Mama mdogo akakubali kwenda kusafishwa. Nikainuka nikaenda kuwasha gari, maana hiyo ndiyo kazi waliyoniachia.