Jiwe Lililotema

Tangu aolewe kutoka Manga akaletwa huku upande wa Tabaka, Nyanchera alikuwa amesugua tembo wengi kuliko wale walioko mbugani. Tembo wa mawe, bila shaka. Huku wanaume huchonga na wanawake husugua: beseni la maji kati ya magoti, msasa mkononi, na jiwe laini la Kisii likigeuzwa ndani ya maji mpaka ling'ae. Hakuichukia kazi hiyo, maana ilimlea yeye na binti yake Purity. Kilichomkera ni kwamba tembo alimfikia akiwa tembo tayari, na akaondoka akiwa tembo yule yule, ila laini. Nyanchera alitamani kitu kimoja akianzishe mwenyewe na akimalize mwenyewe. Hamu hiyo ilimkaa rohoni miaka na miaka, na hakumwambia mtu, kwa sababu angeambiwa ana maringo ya watu wa Manga.

Siku aliyopeleka sahani za mawe mjini Kisii ndiyo aliyokipata kitu chenyewe. Jirani na duka alilopelekea mzigo palikuwa na duka la Abdirahim, anayeuza nyavu, ndoana na mishipi kwa watu wanaoteremka ziwani. Abdirahim alikuwa amesimama mlangoni na gunia miguuni, analilaumu gunia kama vile lina masikio.

"Angalia hii hasara, mama," alimwambia. Ndani mlikuwa na vyambo vya plastiki laini kama mpira, visamaki vya rangi rangi ambavyo wavuvi wa fimbo huvivika kwenye ndoana kumdanganya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Vyote vilikuwa vimekatika. "Mbuta anang'ata mara moja tu, mkia umeenda. Halafu wananiletea mimi, kama ni mimi nimekula."

Nyanchera alikiminya kimoja. Kilivutika, kikarudi. "Hii si inayeyuka?"

"Inayeyuka, na ukicheza, ngozi yako pia inayeyuka. Na kuna kalibu ya kumiminia. Ng'ambo wanatumia ya chuma."

"Sisi tuko na mawe," Nyanchera akasema, akalibeba gunia.

Abdirahim alicheka, lakini hakumzuia. Alimwambia tu kwamba kuna mashindano ya kuvua mbuta yanakuja, na akipata vyambo vizuri atavipeleka huko.

Sasa, kalibu ni jiwe lililochimbwa shimo lenye umbo la samaki, na mchongaji bora kijijini alikuwa baba mkwe wake, Mzee Mokua. Hapo ndipo maneno yalipoanza kuwa marefu. Wakisii wana desturi wanayoiita chinsoni, haya na heshima kati ya mtu na wakwe zake. Vijana siku hizi wanairukaruka, lakini Mzee Mokua aliishika kama anavyoishika Sabato. Hakuwahi kukanyaga nyumbani kwa mwanawe tangu mke aingie, sembuse jikoni. Akiwa na neno kwa Nyanchera, lilipitia kwa mkewe Jemimah, na la Nyanchera likarudi kwa njia hiyo hiyo. Jemimah aliyabeba maneno vizuri, ila aliyapunguza njiani, kwa maana ni mama mwenye shughuli zake.

Mzee alipewa kisamaki kizima kama kielelezo, akachonga kalibu ya vipande viwili vinavyofungana, yenye magamba na mkia uliopinda. Ilikuwa nzuri mpaka Nyanchera akaibusu.

Mapishi aliyajifunza kwenye simu, kwa jamaa mmoja wa video aliyekuwa anaonya zaidi ya anavyofundisha. Nyanchera aliyashika maonyo karibu yote. Alitenga sufuria moja na mwiko mmoja, akavipaka alama nyekundu, visirudi kwenye chakula hata kwa bahati mbaya. Aliviosha vyambo vya zamani, akang'oa ndoana zilizobaki, akatupa vile vigumu kwa sababu plastiki ngumu na laini haziyeyuki pamoja. Alinunua kipimajoto, miwani ya fundi na glavu za ngozi, akavaa shati la mikono mirefu la mumewe Osoro na gumboots. Jemimah alipomwona hivyo mara ya kwanza aliuliza kama anakwenda kurina asali.

Onyo alilolipuuza lilikuwa moja: usipikie ndani. Jikoni kwake kulikuwa na jiko, meza na kivuli, na nje kulikuwa na kuku na macho ya majirani. Kwa hiyo akapikia ndani, mlango wazi, akijiambia inatosha. Haikutosha. Siku ya kwanza aligeuka kutafuta mwiko, plastiki ikazidi moto, ikawa ya manjano, ikatoa moshi mkali unaokata koo. Alitoka mbio akikohoa, machozi yakimtiririka, na akakaa nje mpaka moshi ukaisha wote. Tangu hapo hakuliacha jiko hata kwa kupepesa macho. Alijifunza kupika kwa makaa machache, kukoroga polepole isiingie hewa, na kuiepua mara tu inapokuwa nyepesi na angavu.

Moshi aliushinda. Jiwe ndilo lililomshinda.

Kila alipomimina, kalibu ilitema. Plastiki ilichemka mdomoni mwa jiwe, ikapasuka pwaa, na matone yakaruka juu. Chambo kilitoka na matundu matundu, hakifai hata kumdanganya chura. Na siku moja tone lilimpata pale glavu inapoishia, kwenye kifundo cha mkono, likaganda hapo hapo na kuendelea kuunguza.

Jemimah alikuja anakimbia na dawa ya meno. "Paka hii, paka haraka!"

"Hapana, mama. Maji. Nimwagie maji ya baridi, usiache."

Alikaa akimwagiwa maji mpaka hata Jemimah mwenyewe akachoka mkono. Kwa kuwa aliyaacha maji yapoze kwanza, na hakukurupuka kubandua ile plastiki, ngozi haikutoka nayo. Lakini alilia, na hakulia kwa maumivu peke yake.

"Mwambie baba jiwe linatema," alimwambia Jemimah.

Jemimah alifika kwa mumewe akasema, "Anasema jiwe ni baya." Mzee Mokua alisononeka. Jiwe lake baya? Alilichukua, akalipapasa, akaona labda kuna mkwaruzo. Akakaa nalo kwenye beseni, akalisugua na maji kwa msasa mwembamba kabisa, na akalirudisha likiwa laini kuliko shavu la mtoto mchanga. Nyanchera akamimina. Likatema zaidi.

"Mwambie bado."

Mzee akasugua tena. Safari hii akaliacha majini usiku kucha ili aone kama lina ufa, akalirudisha asubuhi limefutwa vizuri kwa kitambaa. Likatema vibaya mno. Nyanchera alidhani maji yamejificha kwenye vyambo vya zamani, akavianika juani mpaka vikakauka kabisa. Likatema. Alidhani ni mkono wake unaomimina kwa haraka, akamimina kidogo kidogo kando ya shimo. Likatema. Jioni hiyo alikaa mlangoni na akajiona mjinga, mwanamke aliyekuwa na kazi yake ya tembo akaiona ndogo.

Osoro, mumewe, ni mwendesha boda boda, mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. "Mama Purity, mimi sikatai kazi. Lakini hii nyumba inanuka, na umeungua. Kesho nitakaa niangalie. Ikitema tena, hiyo sufuria naitupa, na hatuongei hiyo maneno tena. Na usipikie ndani. Hapana hata mara moja."

Nyanchera hakubishana, kwa sababu kuhusu jikoni Osoro alikuwa na haki, na yule jamaa wa video alikuwa na haki kabla yake. Asubuhi alitoa jiko nje. Mahali pa pekee pa wazi penye paa na upepo palikuwa banda la wachongaji, lisilo na ukuta hata mmoja. Akaweka jiko upande wa chini wa upepo, akawafukuza kuku, akamtuma Purity kwa jirani asije akasogea karibu. Mzee Mokua alikuwa upande wa pili wa banda na tezo yake, anachonga kiboko. Banda si nyumba ya mtu, kwa hiyo chinsoni haikuvunjika. Walisalimiana kwa mbali bila kutazamana sana, kila mmoja akainamia yake.

Osoro alikuja akasimama, mikono kifuani. Jemimah naye alikuja, asikose.

Plastiki ilianza nzito na chafu, ikavimba kidogo, kisha ikalegea na kuwa angavu. Kipimajoto kilipanda kupita mahali maji yanapochemkia, kikaendelea kupanda. Nyanchera akaichukua kalibu, ambayo Mzee alikuwa ameiloweka tena usiku na kuitoa kwenye beseni asubuhi ile ile, akaifuta tena kwa kitambaa, akainua sufuria.

"Ngoja!"

Sauti ilitoka upande wa pili. Mzee Mokua alikuwa amesimama, tezo imemwanguka. Hata Jemimah alishtuka, maana miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akimwita mkamwana wake moja kwa moja.

"Mama Purity. Hiyo kitu ni moto namna gani?"

"Kushinda maji yanayochemka, baba. Kushinda mara mbili karibu."

"Na unaimwaga kwa hilo jiwe?"

"Ndiyo, baba."

Aliiangalia kalibu, akaliangalia beseni lake, akaiangalia kalibu tena. "Yaaye," akasema taratibu. "Mimi nilijua unatengeneza kama sabuni, unamimina ikiwa baridi. Kumbe kila mara naambiwa jiwe ni baya, mimi ninalinywesha maji zaidi. Lina maji ndani! Maji yakiguswa na moto huo yataenda wapi? Yatakurukia kwa uso!"

Nyanchera aliirudisha sufuria chini. Angeweza kukasirika, na kwa kweli alikasirika kidogo, lakini kicheko kilitangulia. Jemimah alijiziba mdomo na kanga, kwa sababu alijua ni ujumbe gani uliopungukiwa maneno njiani.

Mzee sasa alikuwa kwenye uwanja wake. Mtu anayepaka mawe nta anajua kuyapasha moto kuliko mpishi anavyojua chungu. Alisema kalibu ikae juani kwanza, vipande viwili vimefunguliwa, kisha ikalazwe kwenye jivu la moto, igeuzwe geuzwe, maana jiwe likipashwa ghafla hupasuka. Mkono ukikaribia na kuhisi joto kavu, bila ukungu wowote juu ya jiwe, hapo tayari. Alieleza yote hayo akimwangalia Osoro, kwa heshima, na Nyanchera aliyasikia yote.

Ilichukua siku nzima. Osoro hakwenda kazini. Alidai pikipiki ina shida, lakini pikipiki ilikuwa haina shida yoyote.

Jua lilipoanza kuteremka, Nyanchera alivaa miwani, akavuta mikono ya shati iingie ndani ya glavu, akapaka mafuta kidogo sana kwenye kalibu ili chambo kisigande, akaifunga. Akainua sufuria. Osoro alirudi nyuma hatua kadhaa, na Jemimah akaanza kuomba kwa sauti.

Akamimina. Plastiki iliteremka ndani ya jiwe laini kama mafuta, ikajaa mpaka mdomoni, ikatulia. Hakuna pwaa. Hakuna tone. Walisubiri wote bila kupumua, jiwe likanyamaza.

Alipoifungua kalibu, kilikuwamo kisamaki cha kijani, magamba yote, mkia umepinda kama ulivyochongwa. Alikitumbukiza kwenye maji ya baridi, akakilaza kimenyooka kwenye ubao kisijikunje, na mkia ukatikisika wenyewe. Nyanchera alipiga kelele za furaha zilizofika barabarani. Alicheza pale pale na gumboots zake, na Jemimah akaingia, na Mzee Mokua akaokota tezo yake akarudi kwa kiboko, akitabasamu peke yake. Osoro alikishika chambo, akakivuta, akakiachia. "Sasa huyu," akasema, "hata mimi ningemla."

Kuanzia siku hiyo alimimina mchana, bandani, kwa jiwe kavu, na halikutema tena. Vya rangi nyekundu alivitenga na vya kijani visiambukizane rangi, na Abdirahim alivichukua vyote, akisema havina tundu hata moja.

Mashindano yalikuwa Jumapili, upande wa Homa Bay, na Abdirahim aliwaita waje waone. Ufuo ulijaa watu: wageni na kofia zao, wenyeji, wauza samaki, watoto. Nyanchera hakuwahi kuliona ziwa kwa karibu, na alilitazama kwa wasiwasi, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa imezama humo mahali fulani asipoweza kuisugua.

Mashua moja iliwasili watu wakipiga mayowe. Mvuvi mmoja aliyekuja kutoka Nakuru alimteremsha mbuta akisaidiwa na wenzake wawili, samaki mnene, mdomo wazi. Kwenye pembe ya mdomo huo kilining'inia kisamaki cha kijani, kimetafunwa lakini hakijakatika.

"Hii chambo imekataa kukatika!" mvuvi alisema, akikishika. "Abdirahim, ulitoa wapi? Nani ametengeneza?"

Abdirahim alifungua mdomo. Osoro alimtangulia: "Ni sisi! Ni sisi kutoka Kisii!"

"Sisi nani?" Nyanchera akamgeukia mumewe mbele ya watu wote. "Wewe si ulitaka kutupa sufuria?"

Ufuo mzima ulicheka, na Osoro alicheka kuliko wote. Nyanchera akasonga mbele mpaka maji yakamgusa viatu, akamshika mbuta taya kwa mkono wenye kovu. Nyumbani neno lake angelisema kwa Kikisii, polepole, macho chini. Hapa alilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wa Nakuru asikie na wa mashua ya mwisho asikie.

"Nimetengeneza mimi."