Pole kwa Nyumba ya Nahodha

Nahodha mzaliwa wa Gitting alizunguka bahari miaka mingi, kisha akarudi kujenga nyumba chini ya Mlima Hanang, mbali kabisa na maji ya chumvi. Madirisha aliyaweka ya duara, kama ya meli. Ukichungulia unaona mashamba ya ngano ya upande wa Basotu yakiinama na kuinuka kwa upepo, na unaelewa kwa nini alitulia hapa. Hakuacha mke wala mtoto. Siku hizi nyumba yake ni makumbusho.

Nilimpeleka bibi yangu kutoka Dongobesh. Utotoni alichunga ng'ombe pamoja na nahodha, lakini siku alipozikwa nahodha, bibi alikuwa kitandani, mguu umevunjika. Hakuwahi kutoa pole, na kwetu pole isiyotolewa haizeeki. Alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Shikamoo bibi," alisema dada anayeongoza wageni. "Karibu. Ila humu ndani hatukai, hatugusi, hatuli."

"Marahaba. Sasa mjukuu wangu, pole niitoe nimesimama kama mkusanya ushuru?"

"Ndiyo utaratibu, bibi."

"Na mfiwa yuko wapi?"

Dada aliangalia dira, ramani, kofia nyeupe ndani ya kioo. "Hayupo."

"Nyumba ni ya nani, basi?"

"Ya watu wote."

"Watu wote hawapokei pole."

Bibi akageukia mlango, kibuyu amekikumbatia. Safari nzima alikuwa akiyapanga maneno yake, na sasa angerudi nayo nyumbani.

Dada akatoka mbio. Alirudi na viti viwili vya plastiki kutoka kibanda chake cha getini, akaviweka ukumbini.

"Hivi si vya makumbusho," alisema, akihema. "Nafagia hapa kila asubuhi, bibi. Nadhani mfiwa ni mimi."

Wakakaa. Bibi alitoa pole yake yote, polepole, akalia kidogo, kisha akacheka. "Alikuwa mvivu wa kuchunga, huyo! Ng'ombe wako kwenye mahindi ya watu, yeye anatazama mawingu."

Dada akaangalia kushoto na kulia, akainua kibuyu, akanywa.

Nyuma yetu wanafunzi wa chuo walidhani ndivyo ziara inavyoanza. Wakazima simu, wakapanga foleni, wakampa mkono mmoja mmoja. "Pole sana, dada."

"Asanteni," alijibu, maziwa yamemganda juu ya mdomo. "Tumeshapoa."

Bibi akamgusa goti. "Usitabasamu sana. Wewe ndiye mfiwa."