Mama Leticia na Waranti ya Pikapu

Ukipanda kutoka Makanya kwenda Suji, ukakuta bodaboda tatu na lori la mchanga vimejipanga nyuma ya pikapu nyeupe inayotambaa ubavuni mwa mlima, usijisumbue kupiga honi. Huyo ni Mama Leticia, na honi haijawahi kumwongezea mwendo. Anaendesha amesogelea usukani mpaka kidevu kinataka kuugusa. Kila kona anaipigia hodi kwa honi mbili, na akikutana na mzee lazima asimame, azime injini, aamkie, aulizie na wajukuu. Vijana wa bodaboda husema gari lake limewahi kupitwa na mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Wanatia chumvi, lakini si nyingi.

Ndiyo maana siku alipoambiwa kwamba gari lake limeharibika kwa sababu ya mashindano ya magari, alijua wamemchanganya na mtu mwingine.

Jina lake hasa ni Fortunata. Alipofiwa na mumewe, Wilbard, alibakiwa na shamba la tangawizi, binti mmoja anayesoma Dodoma, na gari la mtumba lililolala gereji kuliko lilivyolala nyumbani. Kwa gari hilo alianza kukusanya tangawizi za majirani na kuzishusha Hedaru, wanakosubiri wanunuzi wenye malori. Likimfia njiani, tangawizi zinanyauka, mnunuzi anaondoka, na majirani wanaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Aliteseka hivyo mpaka akachoka. Akauza kiwanja alichoachiwa na marehemu Same mjini, akaenda Moshi kwa wakala wa magari, akarudi na pikapu mpya ambayo viti vyake bado vilikuwa vimevikwa nailoni.

Watu walisema amerukwa na akili. Nani ananunua gari jipya, aje kulisaga kwenye mawe ya Suji? Lakini Mama Leticia hakuwa amenunua uzuri. Alikuwa amenunua waranti. Muuzaji alimweleza kwamba kwa miaka mitatu, chochote kikiharibika kwenye injini au giaboksi pasipo kosa lake, wao watatengeneza, ilimradi asipeleke gari kufanyiwa sevisi kwingine. Mengine aliyaeleza haraka haraka: kwamba gari limefungwa traka, kifaa kinachowaonyesha wao limepita wapi na injini imefanya kazi gani, na kwamba yapo mambo ambayo waranti haiyagusi, kama mafuriko, ajali na mashindano. Mama Leticia aliitikia kwa kichwa kila neno. Mashindano, yeye?

Kuanzia siku hiyo neno waranti halikumtoka mdomoni. Umwambie barabara ya Suji inaua magari, atakujibu, "Langu lina waranti." Umwambie mvua za mwaka huu zitakuwa kali, waranti. Aliichukulia kama ubatizo, ukishaupata umeupata.

Basi, ukafika msaragambo wa zahanati. Huku Upareni pembe ikilia asubuhi kila nyumba hutoa mtu, na jembe lake au karai lake, kazi ya kijiji ifanyike: mfereji, barabara, darasa. Huo ndio msaragambo. Asiyekuja hutozwa faini, na faini ni nafuu, maana hubaki maneno, na maneno hurithiwa na wajukuu. Safari hiyo yalitakiwa mawe ya msingi, nayo yalikuwa korongoni. Kijiji kina vitongoji viwili, Juu na Bondeni. Watu wa Juu wakatoa pikapu ya Mama Leticia. Watu wa Bondeni wakatoa ya Hezroni, shemeji yake, aliyemwoa mdogo wake Blandina. Kwa kuwa njia ni nyembamba na magari hayapishani, walikubaliana yapande kwa barabara ya kanisani, yamwage mawe, kisha yashukie upande wa sokoni kurudi korongoni. Yakawa yanazunguka hivyo toka asubuhi.

Sasa, kubeba mawe kutwa nzima hakuna utamu bila kushindana. Sijui nani alianza kutamba. Kufika saa nne kila upande ulikuwa na wimbo wake, akina mama wanapiga vigelegele gari lao likitokeza, vijana wanapakia kwa kutupiana. Na Mama Leticia, yule yule anayeibembeleza gia kama mtoto mwenye homa, akapatwa na kitu. Alipandisha mlima na gia ya kwanza, mzigo mpaka juu ya bodi, injini inalia mpaka inasikika ng'ambo. Wazee waliosimama kando wakingojea kuamkiwa aliwapungia mkono tu. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile tangu azike mume.

Jioni Juu wakatangaza wamepeleka safari kumi na tisa, Bondeni kumi na nane. Bondeni wakasema kumi na nane ni kweli, ila za Juu zilikuwa kumi na saba, kwani mbili wamezizaa wenyewe. Mzee Eliakimu, aliyepewa kazi ya kuhesabu, alikuwa amekula makande ya mchana akasinzia. Ubishi ule ukawa wa kijiji. Ulibishiwa msibani, ukabishiwa harusini, na kwaya ya kanisa nusura igawanyike, sauti ya nne wote wakiwa wa Bondeni.

Miezi haikupita mingi, giaboksi ikaanza kunung'unika. Gia ya pili ikawa haikubali, ya kwanza inakubali kwa kelele. Ilikuwa msimu wa kuvuna, magunia ya watu yamejaa sebuleni kwa Mama Leticia, na mnunuzi wa Hedaru keshapiga simu. Lakini yeye hakutetereka. Si ana waranti? Akaondoka alfajiri kwenda Moshi, taratibu kuliko siku zote, na Hezroni akamfuata nyuma na gari lake, maana shemeji ni shemeji hata kama ni wa Bondeni.

Kwa wakala walipokewa na binti mmoja anayeitwa Shamsa, mpole, mwenye ushungi wa bluu.

"Shikamoo mama. Karibuni sana."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta gari, giaboksi inaumwa. Lina waranti."

Mafundi wakalipandisha, wakalichungulia, wakaunganisha kompyuta. Ikafika saa za chakula. Shamsa aliporudi alikuwa amebadilika uso. Aliwakalisha mezani kwake, akageuza kioo cha kompyuta wakione.

"Mama, giaboksi imekwisha. Inatakiwa nyingine nzima. Sasa tatizo ni hili hapa."

Kwenye kioo palikuwa na ramani ya milima, na juu ya mlima duara jekundu, nene.

"Huu ndio mwendo wa gari lako siku moja, miezi michache iliyopita. Lilizunguka njia moja, likarudia, likarudia, kutwa. Injini inakoroma muda wote, giaboksi ina joto kupita kiasi. Makao makuu Dar wameliona, wanasema hili gari lilikuwa kwenye mashindano, yale ya kupanda milima na matope. Na mashindano hayamo kwenye waranti."

Mama Leticia alilitazama duara. Alichanganyikiwa vibaya. Kwanza hakuelewa gari limeanza lini kwenda kumsemea Moshi. Pili hakuelewa mtu wa Dar anamjuaje kuliko watu wa Suji, wanaomcheka kwa kutambaa.

"Mwanangu," alisema, "mimi hupitwa hata na wenye miguu. Hiyo mashine yenu inasema uongo."

"Anayosema ni kweli," Hezroni akadakia. "Huyu ukimfuata nyuma unaweza kulala."

Shamsa akacheka kidogo. Ikaonekana moyo wake uko kwao. Akasema kama mteja anapinga, yeye anaweza kuwapigia Dar sasa hivi, ajieleze mwenyewe. Akapiga, akaiweka simu mezani ikiwa na sauti ya wazi. Upande wa pili akaitika mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Ernest.

"Mama, pole na safari. Hebu nieleze, siku hiyo gari lilikuwa linafanya nini?"

"Lilikuwa linasomba mawe, baba. Ya kujenga zahanati. Ni msaragambo, kazi ya kijiji. Tunapanda huku, tunashuka huku, kwa sababu njia ni nyembamba."

"Kusomba mawe?"

"Mawe."

"Ah! Kama ni kazi ya kubeba mzigo, hiyo ni kazi ya pikapu. Shamsa, hiyo tunaweza kuiangalia upya. Ngoja niweke maelezo hapa."

Wakasikia akibonyeza. Shamsa akamtabasamia Mama Leticia. Mama Leticia akashusha pumzi, akaanza kuiona giaboksi mpya, akayaona na magunia yameshafika Hedaru. Mambo yalikuwa yamekwisha. Yangekwisha kabisa kama Hezroni asingekuwa Hezroni. Muda wote huo alikuwa ameinamia kioo, anafuata lile duara kwa kidole.

"Binti," alinong'ona, "hii kitu inaweza kuonyesha ni mizunguko mingapi?"

"Inaonyesha," Shamsa akasema bila kufikiri. Akagusa kitufe. "Kumi na tisa."

Mama Leticia aliruka kwenye kiti.

"Umesikia? Umesikia Hezroni? Kumi na tisa! Mashine haisemi uongo! Tuliwashinda, Bondeni tuliwashinda mchana kweupe!"

"Hesabu tena, binti," Hezroni alisema. "Labda mmoja ni wa kwenda kunywa maji."

"Maji gani? Mimi sikunywa hata tone siku ile! Nyinyi kumi na nane, sisi kumi na tisa, na leo mashine imesema!"

Kule Dar kubonyeza kulikuwa kumekoma.

"Mama," sauti ya Ernest ilisema pole pole. "Mmemshinda nani?"

Mama Leticia aliiangalia simu. Alikuwa ameisahau. Alimwangalia Shamsa, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Bondeni," alijibu. Angejibu nini? Ni mwimbaji wa kwaya, na ni kweli.

"Kwa hiyo yalikuwepo magari mawili, njia moja, na mshindi."

"Na mawe, baba. Mawe yalikuwepo."

"Na aliyeshindwa?"

"Mimi sijashindwa," alisema Hezroni, na haikusaidia kitu.

Ernest hakuwa mtu mbaya. Alisema simu zote zinarekodiwa, na kwamba anasikitika. Akasema waranti haiulizi wamebeba nini, inauliza walikuwa wanashindana au la, na yeye mwenyewe amesikia kwa masikio yake. Akawatakia safari njema.

Mama Leticia alikaa pale akitafuta uzi wa lile jambo asiupate. Aseme mashine ni mwongo? Keshasema haisemi uongo, tena kwa kupiga kelele. Aseme mashine ni ya kweli kwenye hesabu, ya uongo kwenye mashindano? Na kama hayakuwa mashindano, basi Juu hawakushinda. Kila alipojaribu kuiokoa giaboksi, ushindi ulianguka. Alipouokota ushindi, giaboksi ikaanguka. Alimwuliza Shamsa kama giaboksi mpya ni bei gani, Shamsa akataja, naye akasema asante mwanangu, akainuka, akasahau mkoba.

Walirudi kwa gari la Hezroni. Walipoiacha Same nyuma, Mama Leticia akauliza, "Shemeji, kweli yale yalikuwa mashindano?"

Hezroni alishusha gia. "Mimi nilikuwa nashindana," alisema. "Wewe sijui."

"Hata mimi nilikuwa nashindana," alisema Mama Leticia, na mwenyewe akashangaa kujisikia. Wala hakujuta, na hilo ndilo lililomvuruga zaidi. Alijaribu kujuta mpaka wakafika Makanya. Alijiambia amepoteza gari, amepoteza kazi, magunia ya watu yataoza, na yote hayo ni kweli na yanauma. Lakini kila alipofumba macho aliliona lile duara jekundu, zuri, na ndani yake akasikia vigelegele.

Hezroni alikuwa amempigia mkewe kumweleza kwamba watachelewa, na habari nzima akaimwaga. Hapo ndipo alipokosea, maana Blandina ameolewa Bondeni lakini moyo wake haukuhama Juu. Walipotokeza kanisani jua likizama, kitongoji kizima cha Juu kilikuwa barabarani. Vigelegele vikapasua anga. Wakamshusha Mama Leticia garini, wakambeba juu juu. Mzee Eliakimu alikuwa anazunguka akimwambia kila mtu, "Nilisema mimi! Kumi na tisa, nilihesabu mimi!" Wakaimba wimbo wa siku ile, wakaurudia, akina mama wakamfunga kanga mpya kiunoni, na yeye akacheka, akacheza, akasema asanteni, asanteni. Walimuuliza mashine ilisemaje, aliyeko Dar alisemaje, Hezroni uso wake ulikuwaje. Waliuliza yote hayo, wengine mara mbili.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza gari liko wapi.

Walipotawanyika, Mama Leticia alibaki amesimama mbele ya nyumba yake, pale linapokaa gari. Hezroni, ambaye muda wote huo alikuwa ameketi kwenye usukani akizomewa na watoto wa Juu, alishusha kioo.

"Shemeji," alisema, "kesho nije saa ngapi kupakia tangawizi?"

Mama Leticia alifungua mdomo amtajie saa, akaanza kulia.